Msingi wa Magunia

Nilipokuwa mdogo niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nyumba tuliyokaa Gatina, kule Kawangware, ilijengwa juu ya chumvi. Usicheke, rafiki yangu. Watoto wa wapangaji pale ploti walisema tajiri aliyeijenga aliuza chumvi, akakosa mawe ya msingi, akapanga magunia na kusimamisha ghorofa juu yake. Tena ukimwambia mtu mzima, inazama siku hiyo hiyo. Ushahidi nilikuwa nao: mvua ikikolea, ukuta ulitoa unga mweupe huko chini. Niliulamba. Chumvi kabisa!

Na ilikuwa nyumba kwelikweli. Kuta za mawe ya kuchonga, nene kiasi kwamba ungelaza ng'ombe dirishani. Mbele duka lenye milango ya mbao ya kukunja, juu veranda ya kupunga upepo, nyuma stoo iliyonuka magunia hata baada ya tajiri kufa na warithi kuikata vyumba kwa plaiwudi. Mimi na shosho, bibi yangu aliyenilea, tulikaa kona ya stoo hiyo. Ghorofa ikizama, ingeanza na shosho.

Basi wingu likitokea upande wa Ngong, nilikimbilia vyombo. Wapangaji walitoka na ndoo kukinga maji ya mabati. Mimi nilitoka na ndoo, sufuria, beseni, hata kikombe cha shosho cha chai, maana kila tone lililofika chini lilikuwa linayeyusha msingi.

"Aki shosho, umebarikiwa!" jirani wa juu alipiga kelele. "Wangu hata kijiko haoshi."

"Wacha kumsifu," shosho akajibu, "ataanza kudai nyama."

Masika moja nilikataa shule siku nne, nimeng'ang'ania mguu wa kitanda chake, nikilia tu, "Tuhame." Mwalimu alikuja, akashindwa. Shosho alipenda ubaridi wa kuta zile, lakini alifunga godoro tukahamia mtaa wa Lindi kule Kibera, chumba cha mabati. Mchana tuliokwa, asubuhi tuliganda. Magoti yake hayakuzoea kamwe. Mimi nililala fofofo. Tulimzika kwao Machakos, na hakuwahi kuniuliza niliogopa nini.

Majuzi, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha masomo ya jioni, nilipita Gatina nikakuta wanaibomoa wapandishe fleti. Veranda imelala kifudifudi, milango ya duka imepasuliwa kuni. Nikainama shimoni kutafuta magunia.

"Umepoteza nini, mzee?" fundi akauliza.

Nikamweleza yote, hadi kuhama. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniona uso, akainuka.

"Hiyo chumvi hutoka kwa mawe yenyewe, yakinyonya maji. Hata nyumba mpya hutoa. Hii imekaa juu ya mwamba, tunauvunja wiki ya tatu sasa. Mngekaa tu."