Safu Tatu za Biasha

Mwaka ule mpira uliwaingia watu wa Mwabungo vichwani kama homa. Ilikuwa Desemba ya sitini na nne, Uhuru umetimiza mwaka, na vijana wa pwani ya kusini, kuanzia Likoni mpaka Vanga, walikuwa wakigombea Kombe la Jamhuri. Watu ambao hawajapiga hata danadana walibishana vibarazani mpaka mapovu yakawatoka. Mzee Jumbe peke yake hakuona cha kumfurahisha. Kwake yeye mpira ulikuwa ngozi iliyotiwa upepo, inafukuzwa na watu ishirini na wawili wenye akili zao. Alilisema hilo mbele za watu, nao wakamwita mkoloni.

Huyu Jumbe alikuwa muosha maiti. Kwa miaka thelathini yeye aliwaosha wanaume wa mji, na mkewe Biasha aliwaosha wanawake. Hawakujaliwa mtoto. Juu ya mlango wao lilitundikwa baragumu la pembe ya palahala, ambalo Jumbe alilirithi kwa mjomba wake. Mtu akifa, alilipuliza mara tatu kwa kulivuta, mlio mrefu mrefu, na kila aliyelisikia, awe shambani au ufuoni, aliacha alilonalo akaja. Halikuwa na kazi nyingine.

Basi mwezi wa Oktoba kamati ya timu ikaja kuliazima, ikiongozwa na nahodha wao Tembo, mtoto wa dada yake Jumbe. Walitaka kitu cha kuwaita watu uwanjani. Jumbe akakataa. Wakamwambia kwamba anayeinyima timu baragumu haitakii nchi mema. Maneno hayo yalimchoma, maana alikwisha kuchoka kuitwa mkoloni na vijana aliowajua tangu wanatambaa. Biasha alimsihi asiwape. Akawapa, wawe wanalichukua na kulirudisha mlangoni kwake, kwa sharti moja, kwamba wapige mlio mfupi wa mkato, wasivute. Hazikupita wiki mbili sharti likasahauliwa, wakawa wanalivuta wapendavyo, na mzee akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na alijua kuwa amekosea.

Mwabungo wakaingia fainali. Ilipangwa kuchezwa Ramisi siku ya Jumamosi. Tembo na wachezaji waliondoka alfajiri kwa lori, wakaacha habari kwamba lori litarudi adhuhuri kuwachukua wanaume waliobaki, na kwamba likifika, mtu atalichukua baragumu mlangoni kwa Jumbe alipulize.

Biasha alikuwa na homa tangu Jumatano. Asubuhi ile alimshika mumewe mkono, naye alikuwa mtu asiyependa kuombaomba.

"Nimewaosha wa watu wote, bwana," alisema. "Mimi usinizike na watu wa kuhesabu. Nataka safu tatu zinisalie, na zijae."

Jumbe alimwahidi. Lilikuwa ombi jepesi. Waislamu wa pwani hutaraji msamaha kwa maiti anayesaliwa na safu tatu, na Mwabungo haikuwahi kukosa safu sita kwa mtu mwema.

Kabla ya adhuhuri Biasha akakata roho. Jumbe alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akaangua baragumu na kusimama nje. Alilivuta mara tatu. Mara akasikia vishindo vya miguu vikitoka mashambani, na moyo wake ukatulia kidogo. Watu wanakuja.

Walikuja, wakampita. Walikuwa wakikimbilia barabarani, ambako lori lilikuwa limesimama linanguruma. Mmoja alimpungia mkono huku akicheka, akamwambia hatimaye mpira umemwingia na yeye. Jumbe akalirudisha baragumu mdomoni. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi, nao wakazidi kukimbia. Alipolitupa baragumu na kuwafuata, miguu ikamsaliti, akafika barabarani akakuta vumbi.

Maiti wakamwosha yeye na jirani yake, Bi Mwanafatuma. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi hiyo, lakini mara mbili kata ilimponyoka.

Wanaume waliopatikana walikuwa sita, pamoja naye na Maalim Suleiman wa msikitini, wote wazee. Maalim aliuliza kama wangoje lori. Lakini nani alijua litarudi lini? Wakishinda wangelala huko huko kwenye ngoma. Na Jumbe ndiye aliyekuwa akiwakemea wanaochelewesha maiti. Akasema wasingoje.

Kaburi walilichimba kwa zamu, wakipumua kwa shida. Desturi ya pale jeneza hupokezanwa bega kwa bega, hata mtu hajatembea hatua kumi ameshapokewa. Siku ile waliobeba hawakupata wa kuwapokea. Mara mbili walimtua Biasha mchangani ili wavute pumzi, na Jumbe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Maalim alisimama mbele kusalisha. Akageuka, akawatazama. Akawapanga wawili mbele, wawili nyuma yao.

"Sogea nyuma, Mzee Jumbe," alisema kwa upole. "Safu ya tatu ni wewe."

Jumbe akasogea, akasimama peke yake, kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Akamsalia mkewe hivyo.

Lori lilirudi Jumapili asubuhi kwa nyimbo na vigelegele, na kombe limeinuliwa juu. Lilipofika karibu na nyumba ya Jumbe wakapewa habari ya msiba, nyimbo zikakatika. Tembo aliingia na jezi yake ya jana, akapiga magoti.

"Mjomba, waliotufuata adhuhuri wanasema walilisikia baragumu. Walidhani ni mpira."

"Walidhani sawasawa," Jumbe alijibu. "Mimi ndiye niliyewazoesha." Akamnyooshea baragumu. "Chukua. Lenu sasa."

Tembo alilia, akalikataa, lakini mzee hakulirudisha juu ya mlango. Tangu siku ile, mtu akifa Mwabungo, Jumbe huenda mlango kwa mlango kwa miguu yake mibovu, akabisha hodi, akamtaja marehemu kwa jina. Kwa wale waliokwenda Ramisi huwa haondoki. Husimama pale pale kizingitini, kimya, mpaka mwenye nyumba avae kanzu atoke.