Springi za Pamba kwenye Gari la Spoti

Enzi zetu pale Kambarage, Shinyanga, mtoto mnene alikuwa na heshima yake. Hakuna aliyemkimbiza asubuhi ili apungue. Alikula ugali wake, akacheza rede mpaka vumbi likamkolea, na siku baba yangu alipotoa sanduku la spana, yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza.

Baba alikuwa dereva wa malori ya pamba, na kwa sababu anazozijua mwenyewe alinunua gari la spoti. Jekundu, milango miwili, kiti cha nyuma cha kukalia paka. Alilitoa machimbo ya Rwamgasa kwa mchimbaji ambaye, baada ya kubahatika kupata dhahabu, alilinunua kwa furaha, kisha akagundua kwamba halifiki hata karibu na shimo lake. Lilikuwa chini mno, na springi za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa. Kila tuta lilikwaruza tumbo la gari, na kila lilipokwaruza mama alishika kichwa.

Mama alivumilia mpaka wiki ya harusi ya mdogo wake, huko kwao Geita.

"Baba Pendo," alisema, "nikisikia gari hili linalamba barabara mara moja tu, nashuka napanda basi. Wewe utawaeleza wakwe zako mwenyewe."

"Gari halina kosa," baba akajibu. "Barabara ndiyo imepanda juu."

Alijibu hivyo, lakini usiku huo hakumaliza chakula. Kwetu Usukumani, mkwe anayefika ukweni bila mke huulizwa maswali mpaka ugali unapoa. Mimi nami, Pendo mwenyewe, nilikuwa na hofu yangu: nilishawatangazia binamu zangu wote kwamba nitashuka kwenye gari jekundu.

Ijumaa baba akaja na springi za kigari cha mizigo kilichostaafu kubeba pamba. Kifaa cha kubania springi hakuwa nacho. Alikuwa na sisi. Alisimama langoni akapiga mluzi, mtaa mzima ukamwagika: wa kombolela, wa gololi, na waliotumwa chumvi wakasahau. Tukapangwa juu ya buti kama marobota, wanene katikati. Gari likazama, springi zikajikunyata, naye akaingia chini kuzifunga kwa waya mnene pande zote. Kisha, "Shukeni taratibu, asiruke mtu!" Tukashuka, akapiga jeki, na springi zikatoka zikiwa zimefungwa, fupi na pole.

Zile za pamba alizisimamisha chini ya ubao, tukasimama juu yake tumeshikana mabega huku akizikaza kwa waya. Alipokwisha kuzipachika chini ya gari, wakati wa kuzifungua waya alitufukuza wote nyuma ya jiko. Tukasikia paa! Kuku wakatawanyika, mama akaita jina la Mungu, baba akaita, "Niko mzima!" Tukapewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na kila mtoto akarudi kwao akisema gari amelitengeneza yeye.

Tatizo ni kwamba springi za pamba zinangoja pamba. Bila mzigo, gari lilisimama limebinua makalio, pua chini, mithili ya mbuzi anayekunywa maji. Mama akalizunguka, akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Kisha akafunga kanga vizuri, akapanda.

Kutoka Shinyanga hadi Geita halikukwaruza hata mara moja. Lilidunda. Kila likidunda mama alimkemea baba, baba akasingizia barabara, mama akasema barabara haikununua gari, na mimi huko nyuma nikicheka kila kichwa kilipogonga paa. Tulipofika, mashemeji walimtania baba siku nzima, wakamuuliza kama gari linaomba radhi. Hakujali. Alikuwa amefika na mke wake.

Vijana wa leo wanakata springi kwa makusudi ili gari liiname, halafu kwenye tuta wanapita kwa mshazari huku dada wa watu ameshuka anatembea kwa miguu. Shikamoo, maendeleo! Springi zinabanwa na mashine, na fundi anafanya kazi yote peke yake, spika zimeziba masikio. Watoto wa jirani zangu nawaona getini tu, wakiingia kwenye basi la shule. Hata majina yao siyajui.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Mwezi uliopita nilimpeleka mama Geita kumsalimia mdogo wake, kwa gari langu zuri, kwenye lami, kiyoyozi kikipuliza. Hakuna tuta lililotutikisa. Alikaa mbele, mikono mapajani. Tulipokaribia kufika nikamuuliza kama kiti kiko sawa.

"Kiko sawa sana, mwanangu," akasema. "Ila hakuna wa kugombana naye."