Kantoni ya Kumi na Moja

Ukimwona Léocadie Nabintu anashuka treni ya Cross City pale Sutton Coldfield, huku Uingereza, na lile koti lake la buluu na mfuko wa plastiki, utasema ni mama wa kulea wazee tu, kama wengine. Utakuwa umekosea, tena vibaya. Miaka kumi na minne huyu mama alikuwa karani wa cheferi, ofisi ya chifu, kule milimani Kivu ya Kusini, na hakuna karatasi iliyompita bila kupigwa muhuri. Kijiji chake kiliitwa Kashanja. Siku vita vilipofika, ofisi iliungua na madaftari yote, mume wake akabaki huko huko, yeye akakimbia na watoto.

Sasa, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi kulikuwa na Don Segundo Guamán, mzee mfupi kutoka Ekwado, aliyeletwa Uingereza na binti yake aliyeolewa huku. Maisha yake yote aliitumikia ofisi ya mkoa wa Chimborazo, kule juu kwenye milima ya Andes. Akili ilikuwa imeanza kumtoroka, na mwezi ule akagoma kula. Ukimwekea sahani anaisukuma, anapanga leso za karatasi moja juu ya nyingine, anatazama mlango. Daktari akasema atarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Akikuta bado hali, hospitali, akalishwe kwa mpira. Binti yake alilia pale koridoni mpaka Léocadie naye akaumwa moyo.

"Mama Francine, huyu mzee amenishinda," alisema Amrita, msimamizi wa zamu, Mhindi wa Kisumu. "Ati kuna watu wanamngoja huko nje."

"Watu gani?"

"Raia, sijui. Wenye shida zao."

"Aa, dada Amrita! Kumbe ni ile! Mukubwa wa ofisi hawezi kula na raia wako kwenye benchi. Ni haya hiyo. Kwetu hata chai hagusi."

Akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa, mikono juu ya magoti. Don Segundo akamwita kwa kidole. Walizungumza Kiingereza, cha kuokoteza kwa wote wawili.

"Shida yako?"

"Mheshimiwa, kijiji chetu hakina daraja."

"Unatoka kantoni gani?"

Weee! Karani mzima, kaja ofisini hajui anatoka wapi! Mzee akamfukuza, na supu ikarudi jikoni vile vile.

Jioni ile Léocadie alirudi kwake Erdington na simu puani, anasoma habari za Chimborazo. Akatoa daftari la shule la binti yake Francine, akaandika kama alivyoandika zamani. Makao makuu, Riobamba. Prefekti huchaguliwa na watu, gavana huwekwa na rais. Mkoa una kantoni kumi, kila kantoni na meya wake, na chini ya kantoni kuna parokia, ambazo wala si za padri. Guamote, soko la Alhamisi. Colta, ziwa. Guano, mazulia. Cumandá, kumbe iko chini kwenye joto. Juu ya yote mlima wenye theluji, mita elfu sita na zaidi, na chini yake Wakichwa, wenyeji wa huko, wanalima viazi na shayiri kwenye baridi. Akacheka peke yake. Kwetu na kwao, raia wa milimani anapanda ngazi zile zile kuomba barabara.

Kesho yake alitoka Guamote. Don Segundo alimhoji jasho likamtoka, akaandika kwenye leso ya karatasi, kisha akaigonga kwa kichupa cha chumvi. Pa! Imepita.

"Mheshimiwa, benchi limebaki tupu," alisema Léocadie. "Ni saa ya kufunga."

Mzee akachungulia mlango, akashusha pumzi, akashika kijiko. Amrita aliziba mdomo kwa mkono.

Siku kumi, kantoni kumi. Hata siku zake za mapumziko alikuja, na hakuna aliyemwomba. Mniambie nyinyi ni wangapi wangefanya hivyo.

Ijumaa ikafika. Daktari alisimama mlangoni na Amrita, na Léocadie kantoni zimemwishia.

"Natoka Guamote, Mheshimiwa."

"Guamote nimeshamaliza. Daraja mlipewa." Jamani! Mtu asiyekumbuka jina la binti yake! "Unatoka wapi?"

Léocadie alitazama sahani. Mvuke ulikuwa unapungua.

"Kashanja," akasema.

"Kantoni gani?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Hatumo kwenye orodha."

Mzee akakaza macho. "Mko juu kiasi gani?"

"Mita elfu mbili na mia tatu."

"Mnalima?"

"Viazi. Na maharage."

"Kaya?"

"Ishirini na moja, Mheshimiwa. Lakini wengine... hawapo tena."

"Ofisi hii haiachi mtu. Taja."

Akataja, nyumba kwa nyumba, kuanzia kisimani mpaka kanisani, machozi yakimtiririka na hayafuti. Alipofika kwa mume wake alilitaja jina lote, na la ubatizo. Mzee aliandika leso tatu, polepole, kila jina. Kisha akainua kichupa.

Pa! Pa! Pa!

"Kantoni ya kumi na moja," alisema. "Benchi?"

"Ni tupu, Mheshimiwa."

"Basi vuta kiti. Tule."

Wakala, supu imeshapoa. Daktari alifunga faili lake akaondoka, na hospitali haikutajwa tena.

Léocadie anazitunza zile leso tatu kwenye bahasha moja na pasipoti yake. Wino umeanza kufifia, na chumvi bado imenasa pembeni. Karatasi nyingine zote za Kashanja ziliungua. Hizi ndizo zilizobaki, na zimepigwa muhuri.