Pacha Aliyelima Uwanja Wangu Mandewa

Haya nitakayokueleza yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Mandewa, Singida mjini, kwenye uwanja wa nyumba ninayolala mpaka leo. Sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kuniita mwongo niite tu, nimeshaitwa hivyo na watu ninaokula nao sahani moja.

Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani hupita kama mgeni. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa mgongo, na daktari akanikataza kabisa kushika jembe. Basi uwanja ukabaki vile: mbele vumbi, nyuma magugu yaliyokauka. Nikachoka kuutazama. Nikaona nitafute watu wa kazi hiyo, mbele wanioteshee nyasi, nyuma watifue nipate pa kupanda mchicha na nyanya za kumwagilia.

Jirani akanielekeza kwa kijana anaitwa Doto. Hakuwa kibarua wa kuokota barabarani. Bustani ndiyo kazi yake, nyumba za wageni hapa mjini zinamjua, na mashine ya kukatia nyasi alikuwa nayo yake mwenyewe. Alikuja, akazunguka uwanja, akaupiga udongo kwa kisigino. Kiangazi udongo wa kwetu si unaujua, mgumu kama sakafu.

"Mama, hapa jembe peke yake haliingii," akaniambia. "Kesho nakuja na sururu, mapema kabla jua halijawa kali."

Kijana mcheshi, mwenye adabu zake. Aliniamkia shikamoo alipofika, akaniamkia tena alipoondoka. Nilimpenda.

Asubuhi yake nilisali alfajiri, nikawasha jiko, nikafungua mlango wa nyuma kumwaga majivu. Nje kulikuwa na mwanga hafifu na ule upepo wetu wa baridi. Nikamkuta Doto yuko kazini. Uwanja alikuwa ameshautifua nusu, matuta yamenyooka. Nikashangaa, maana geti nilikuwa bado sijalifungua.

"Mwanangu, umepitia wapi?"

Kimya.

"Umeamkaje?"

Hata kichwa hakugeuza. Niamini, hilo lilinichoma. Kijana wa jana, wa shikamoo mbili, leo ananipa mgongo? Nikasema pengine kaamka vibaya. Nikarudi ndani, nikamtilia chai, nikamfuata pale alipo.

Nilipomkaribia ndipo nilipogundua kitu. Jembe lilipanda na kushuka, udongo ule mgumu ukapinduka, wala hakukuwa na sauti yoyote. Umewahi kusikia jembe linagonga ardhi ya kiangazi likanyamaza? Nikamtazama usoni. Sura ni ya Doto, lakini changa zaidi, kama Doto wa miaka ya nyuma. Macho yako wazi na hayaangalii kitu. Miguu peku, imepasuka. Shati limefifia mpaka rangi yake huijui.

Nikiwa nimesimama hivyo na kikombe mkononi, geti likagongwa.

"Hodi, mama. Shikamoo. Nisamehe nimechelewa, pikipiki ilinisumbua."

Ilikuwa sauti ya Doto.

Kikombe kilinidondoka. Sijui nilifikaje getini. Nilifungua, nikamkuta na sururu yake begani, mashine ameifunga nyuma ya pikipiki, anatabasamu. Nilimwonyesha tu kwa mkono kule nyuma. Akaenda, nami nikamfuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu.

Nilidhani atapiga kelele au atakimbia. Hakufanya hivyo. Aliiweka sururu chini taratibu, akasema kwa sauti ndogo, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili:

"Kulwa."

Kisha akaniambia bila kugeuka, "Mama, huyu ni pacha wangu. Tulimzika kijijini kwetu, Mgori. Niliingia kaburini mimi mwenyewe kumpokea."

Habari za misukule nawe umezisikia, za watu wanaoliliwa na kuzikwa, kumbe wamefichwa wanalimishwa mashamba ya wengine. Mimi nilikuwa nazisikia jikoni kwenye misiba, naona ni maneno ya kupitishia usiku. Sasa mmoja wao alikuwa kwangu, kwenye matuta yangu.

Doto akamsogelea, akashika mpini wa jembe. Yule mwingine akasimama.

"Kulwa, ni mimi. Mama yupo, hajafa. Twende nyumbani."

Kulwa akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa kipande tu. Ikamtoka sauti ya mtu aliyejaa maji kifuani, na uso wake ukabaki umekauka vilevile, lakini machozi yakamtiririka. Hayo machozi ndiyo yaliyonimaliza. Kitu kisichojua kitu hakilii.

Jua likaanza kuchomoza. Kulwa akalivuta jembe lake, akageuka, akaingia kwenye ua wa minyaa akatokea upande wa pili. Hakuna tawi lililovunjika. Doto akaanza kumfuata.

"Usiende," nikamwambia. "Tumwite shehe, tuwaite wazee wenu kwanza."

Akanitazama. "Mama, wewe una pacha?"

Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Lakini mgongo huu ni wa kushonwa, ungemzuia nani? Alijichomoa bila hata kunisukuma, akapenya kwenye minyaa. Yeye alivunja matawi, utomvu mweupe ukachuruzika mpaka mchana.

Doto hakurudi. Pikipiki na mashine vilikaa getini kwangu hadi ndugu zake walipokuja kuvichukua. Polisi walitafuta, vijana wa mtaa wakatafuta, watu wakaingia hadi msitu wa Mgori. Hawakuona hata kandambili.

Mama yao alikuja. Mwanamke mdogo wa umbo, ametulia. Alikaa kwenye yale matuta akichota udongo na kuuachia, akachota na kuuachia. Watu wa ukoo wakaanza kutaja majina ya waliowashuku uchawi, wakamnyooshea kidole bibi mmoja mjane wa kwao. Mama yule akawaambia, "Hamtaniletea wanangu kwa kumuua mwanamke mwenzangu." Wakamsusa. Sasa anaishi peke yake.

Mume wangu aliporudi kutoka safari nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema dawa za hospitali zilinivuruga kichwa, na kijana yule atakuwa alikimbia mambo yake. Akaleta mafundi, wakamwaga zege uwanja mzima, matuta yakafunikwa kabla sijapanda hata mche. Majirani wanamsifu kwa uwanja msafi. Mimi nikianika nguo pale napita pembeni, kwenye kingo.

Huwa naenda Mgori kumjulia hali yule mama. Kila nikienda ananiuliza swali lilelile.

"Mama, uliyemwita wewe alikuwa yupi?"

"Doto," namjibu.

"Sasa mbona walikwenda wote?"



Nawe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Ukimwona marehemu wako yuko kazini kwa mtu, lia. Msomee dua, mwite kwa jina lake. Lakini usimfuate. Yeye haji kukuchukua, maskini, katumwa tu; aliyemtuma ndiye anayefurahi kupata mikono mingine. Kule Mgori kuna mama aliyezaa mapacha, na leo hana hata kaburi moja analoweza kuliamini.