Mtoto wa Popo Aliyeitwa Jani

Shemegi yangu, mdogo wake mume wangu, alishuka bandarini Mkoani na kamera mpya, darubini ndefu ya kutazamia ndege, na majivuno yasiyoenea begini. Alialikwa kupeleka picha kwenye maonesho Unguja, akawataka popo wetu wakubwa wanaolala mchana wakining'inia mitini nyuma ya shamba letu, Gando. Mimi nafundisha fizikia, na nilishapiga picha nyingi kupitia darubini kama ile. Hakuniuliza neno.

Tulimkuta popo jike amembeba mtoto kifuani. Shemegi akafunga kamera nyuma ya darubini, akavuta karibu mpaka uso wa mama ukajaa picha nzima. Ukatoka safi, kila unywele. Mtoto, aliyejitokeza mbele kidogo tu, akawa ukungu mtupu.

"Nitabana tundu la lenzi," akasema. "Ukibana, vya mbele na vya nyuma vyote vinatoka wazi. Hilo somo la kwanza, shemegi."

"Kwa lenzi ya kawaida, sawa. Hapa tundu lenyewe ni kioo cha mbele cha darubini, na hicho hakibanwi. Ukibana kamera utapata kiza tu. Punguza kuvuta, au urudi nyuma, au msubiri mtoto asogee awe usawa mmoja na uso wa mama."

"Wewe kafundishe wanafunzi wako," akacheka.

Akabana. Picha ikatoka kiduara kidogo cha kiza, pembeni nyeusi tititi. Akarefusha muda wa kupiga, popo akatikisika, picha ikavurugika. Akailaani darubini, akaulaani upepo, akailaani hata miti yetu. Mimi nimekaa juu ya gogo, namtazama mtu mzima akigombana na kioo.

Mara mtoto akapanda, kichwa chake kikawa shavuni kwa mama, wote wawili wanatutazama.

"Sasa! Piga!" nikamwambia.

Alikuwa ameinama anabonyeza vitufe. Alipoinua macho, mtoto keshaingia chini ya bawa.

Tulikwenda Unguja siku ya maonesho, mimi na mume wangu. Picha ile ya kwanza ilitundikwa kubwa ukutani: uso wa mama, na chini yake doa la kahawia. Bibi mmoja akauliza doa lile ni nini.

"Jani," shemegi akajibu, bila kupepesa. "Nimeliacha na ukungu makusudi, macho yaende kwa popo."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Ni mtoto wake," nikasema.

"Shemegi yangu huyu ana utani sana," akawaambia, wakacheka naye. Mume wangu akaninong'oneza nisimharibie ndugu yake siku. Nikatoka nje.

Kutojua ningemsamehe. Lakini kumgeuza mtoto jani mbele ya watu, kisha akapongezwa! Hapo ndipo alipoanguka machoni pangu, na mpaka leo hajainuka.