Mbuzi Watano wa Mama Shija

Kosa ni langu, nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine. Lakini kwanza nikwambie nilichokuwa naamini. Niliamini, na cheti changu cha masomo ya jioni kikiwa mfukoni, kwamba kuna mashine mjini ukiiwekea ubongo wa ukubwa wa punje ya mchele, kesho yake unakuta ndoo nzima. Wachimbaji wa huku walisema ndoo hizo hufukiwa kwenye maduara, mashimo yao ya kuchimbia, ili dhahabu ipande juu. La dhahabu nililitilia shaka kidogo. La ndoo, hata kidogo.

Nikapata kibarua kwa mtafiti mmoja, nitamwita Dada Neema. Alitaka kujua kama zebaki ya kukamatia dhahabu inaharibu ubongo wa mifugo inayokunywa maji ya mialo, yale mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Siku ya kwanza alinifundisha kama vile nakwenda kuwa profesa. Kwenye ubongo kuna jeni, na jeni likifanya kazi hutoa ujumbe. Sumu ikiingia, mengine hupiga kelele, mengine hunyamaza. Ujumbe ni mdogo mno, kwa hiyo mashine inauzidisha mara mamilioni ndipo upimike.

"Na unaoza upesi," alisema. "Barafu isiishe njiani."

Mimi nilishaishia kwenye "inazidisha". Kumbe ile ndoo ni kweli, nikasema moyoni.

Mama Shija anaishi kando ya mwalo mmoja nje ya Bugarama. Alikuwa na mbuzi watano, wote wakitetemeka na kugonga ukuta. Aliwatoa wote wachinjwe kwa ajili ya kipimo, mifugo yake yote hiyo, kwa sharti moja tu: aambiwe kama maji ni mabaya, maana mwanawe Shija alikuwa na miaka mitano na anashinda hapo hapo. Mwenye mwalo aliahidi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba kipimo kikimkataa, atahama.

Dada Neema alikata ubongo, akajaza vichupa, akavilaza kwenye kasha la barafu kavu, ile inayotoa moshi. Yeye akabaki na kazi nyingine. Mimi nikapewa pikipiki nipeleke maabara, Shinyanga mjini.

Si ningekwenda moja kwa moja? Nikapita kwa washikaji kwenye maduara.

"Dokta, umebeba nini humo?"

"Moshi."

"Acha uongo wako. Fungua tuone."

Nikadondosha kipande cha ile barafu kwenye beseni la maji. Ule moshi ulifunika nusu ya wilaya, naapa, hata ng'ombe walipotezana. Watu wakapiga makofi. "Ongeza, Dokta, bado tunaonana!" Nikaongeza. Nikaongeza tena. Nilipokuja kufunga kasha, vichupa vilikuwa vya uvuguvugu kama uji wa mgonjwa.

Nikaogopa kufukuzwa. Nilipofika mjini nikaenda machinjioni, nikaomba kichwa cha mbuzi aliyeletwa kutoka Mhunze, ambako zebaki hawaijui. Kichwa kimoja. Nikakata vipande vitano, nikavitia kwenye vichupa vipya, nikavibandika namba zile zile. Ubongo ni ubongo, nikasema, mashine itazidisha tu.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kitongoji: mbuzi wa Mama Shija hawana tofauti na mbuzi wa mbali na mialo. Mwenye mwalo akasimama, akanyoosha kanzu yake.

"Mama Mbuzi, si ungesema tu ulikuwa na hamu ya nyama? Sisi tungekusaidia kula."

Mtu mmoja akalia kama mbuzi. Mkutano mzima ukacheka. Nami nilicheka, na kicheko changu ndicho kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Mama Shija akanifuata pembeni. "Mwanangu, wewe umesoma. Kweli maji hayana neno?"

"Hayana, mama. Sayansi imeshasema."

Akaenda na ndoo yake kwenye kisima kilicho chini ya mwalo, akachota. Wa kwanza kunyweshwa alikuwa Shija.

Miezi ikapita. Siku moja nikasimama kwao kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shija, mpe mjomba mkono."

Mtoto akanyoosha mkono. Ulipita kulia kwa mkono wangu, ukapita kushoto, ukarudi ukitetemeka, mpaka nikaushika mwenyewe.

"Wametuloga," mama yake akasema. "Nimekwenda kwa waganga wawili. Maji si maji, mlipima wenyewe. Ndiyo maana kisima sijakiacha. Wabeja sana kwa siku ile."

Alinishukuru. Hilo ndilo linalonikosesha hamu ya kula.

Nikaenda kwa Dada Neema, nikasema yote. Alikwenda kwa Mama Shija siku hiyo hiyo, mimi nikabaki barabarani na pikipiki. Nilimwona mama akiinua ndoo yake iliyojaa, akaimwaga yote mlangoni, kisha akaniangalia mpaka nikaondoka. Shija anatibiwa sasa, ila bado analishwa kwa kijiko. Mwalo upo. Mwenyewe anaitembeza ile karatasi ya majibu, na mbuzi wa kupima upya hawapo, tuliwamaliza.

Wewe uliyekabidhiwa kitu cha mtu ukipeleke, kipeleke. Ukikiharibu, sema siku hiyo hiyo, ufukuzwe, ukalale.

Nilipokuwa nakiri kwa Dada Neema nilimuuliza, kwa akili zangu zile zile, kwani mashine isingezidisha tu ubongo wowote? Hakunifokea.

"Mashine haizidishi ubongo," alisema. "Inanakili ujumbe uliomo kwenye kipande ulichokiweka, ili tuuhesabu. Wewe uliweka mbuzi mzima wa afya, ikanakili mbuzi mzima wa afya. Wale wa Mama Shija haikuwahi kuwaona."