Jeraniamu Tulizotoa Barakisi

Baba alipokufa, tulipewa mwezi mmoja tutoke barakisi, kambi ya polisi. Nyumba ni ya polisi aliye kazini, na baba alikuwa kwenye udongo huko Gulu. Mimi nilikuwa nimemaliza Senior Four. Mama hakulilia nyumba. Alililia maua, jeraniamu.

Zilikuwa mbele ya mlango, nyekundu, zile zenye duara la kahawia kwenye jani. Baba alizipanda mwenyewe, sababu mkubwa wake akikagua barakisi anataka kuona maua. Kila Jumapili kabla ya chai alitoa yaliyokauka kwa vidole vyake vikubwa, moja moja. Upole mwingine kwake sikuuona.

Siku ya kuhama, gari ilijaa. Mama akakata vijiti kumi na kimoja, akatoa majani ya chini, akanipa.

"Weka kwa kivuli mpaka kesho, kidonda pale nimekata ikauke. Halafu panda kwa mchanga. Maji kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Sikusikia. Tulifika Kawempe, kwa muzigo wetu mpya, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja na pazia, na mama akalala na homa siku nne. Nilitaka aamke akute kitu kimeota. Nikapanda jioni hiyo hiyo, kwa makopo ya rangi yasiyo na matundu, kwa udongo mweusi wa mfereji. Nikamwagia maji asubuhi na jioni. Nikafunika na kaveera, mfuko wa plastiki. Siku ya tano vijiti vilikuwa vyeusi kutoka chini. Nilivuta kimoja, ikabaki ngozi tu mkononi.

Mama alitoka nje, akaangalia makopo.

"Uliacha vikauke kwanza?"

"Hapana."

Akarudi ndani.

Aibu ilinishika zaidi ya mwezi, halafu nikarudi barakisi kuomba kijiti. Kwa mlango wetu alikuwa mke wa konstebo mpya, anafua.

"Eh, mutoto ya afande! Umekuja kutufukuza?"

"Hapana, auntie. Naomba tu kijiti ya maua."

"Ile yenye kunuka? Nilitoa yote. Mkubwa anakagua maua, lakini watoto yangu hawakuli maua!"

Pale mbele ya mlango kulikuwa na dodo, mchicha wa kwetu, mistari mitatu, kijani kabisa. Aliona uso wangu, akaacha kucheka. Akafuta mikono, akainama, akang'oa dodo mpaka mikono yangu ikajaa.

"Bambi, masikini. Peleka kwa mama. Mwambie pole."

Nilipofika Kalerwe nilitaka kuitupa kwenye takataka ya soko. Sikutupa. Nyumbani hakukuwa na mboga.

"Imetoka wapi?" mama akauliza.

"Mbele ya mlango wetu. Maua yamekwisha, Mama."

Akaipokea. Halafu akavuta sahani, akaanza kuchambua, majani huku, mizizi huku. Tulikula na posho, ugali wa mahindi. Mchanga kidogo ulibaki kwenye majani, ukalia kwenye meno, na hakuna aliyetema.